Internet Archive kwa wasaka kaseti za redio za vyuo: ghala zuri, rafu zimevurugika

Upande mmoja wa kaseti ya C-90 hubeba dakika 45. Kipindi cha hip-hop cha ma-DJ Stretch Armstrong na Bobbito kwenye WKCR 89.9 FM, redio ya Columbia University jijini New York, kilianza saa saba usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri, tangu 1990 hadi 1998. Hizo ni dakika 240, yaani pande tano na kipande. Aliyerekodi nyumbani alihitaji kaseti tatu, na ilimbidi awe macho kila baada ya dakika 45 ageuze upande. Hesabu hiyo ndogo inaeleza mengi utakayokutana nayo ukianza kusaka vipindi vya zamani vya hip-hop na muziki wa kielektroniki kutoka redio za vyuo vya Marekani: rekodi zinazokatika katikati ya mstari, saa ya tatu isiyoonekana popote kwa sababu mwenye kaseti alisinzia, na kile kishindo cha kitufe kinachommeza mtangazaji kabla hajamaliza jina la wimbo.

Huduma inayopitiwa hapa ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, na inapimwa kwa kazi hii moja tu. Hukumu iwe wazi tangu mwanzo. Kwa kutunza sauti, inazipita huduma nyingine zilizo wazi kwa kila mtu, kwa sababu inakuachia faili lenyewe alilopakia mwenye kaseti. Kwa kutafuta, inachosha. Na kwa kuwa hakuna anayekaa kusikiliza kabla rekodi haijawekwa, utakuta rekodi safi kabisa imepangwa jirani na isiyosikilizika, mara nyingine ndani ya mkusanyo mmoja wa mtu mmoja.

Kinachosakwa ni nini hasa

Nchini Marekani masafa ya FM kati ya 88 na 92 MHz yametengwa kwa vituo vya elimu visivyo vya biashara, na redio nyingi za vyuo zimo humo. Hakuna meneja wa mauzo anayepanga nyimbo. Mwanafunzi, au kijana wa mtaani aliyepewa zamu ya usiku, anaingia na kreti la santuri na kupiga anachokiamini. Hip-hop ilipata makao huko wakati vituo vikubwa bado vinaipa kisogo. Chuck D na Bill Stephney walikuwa WBAU ya Adelphi University, Long Island, kabla kundi la Public Enemy halijajulikana. Jarida la The Source lilizaliwa mwaka 1988 kama kijikaratasi cha habari cha kipindi cha WHRB, redio ya Harvard. DJ Shadow na wenzake wa lebo ya SoleSides walikutana KDVS, redio ya University of California kule Davis. Kwa upande wa house na techno, Streetbeat ya WNUR, redio ya Northwestern University kaskazini mwa Chicago, ni jina ambalo msakaji yeyote atakutana nalo mapema.

Thamani ya kaseti hizi haiko kwenye nyimbo zilizotoka rasmi. Hizo unazipata kwingine kwa sauti nzuri zaidi. Iko kwenye mitindo huru iliyochanwa mara moja ikaisha, demo ambazo hazikuwahi kugeuzwa santuri, na santuri za majaribio zenye lebo nyeupe zilizopigwa kabla hazijafika dukani. Jay-Z na Big L walipochana pamoja WKCR mwaka 1995, michano ile ilienea kwa kaseti, mkono kwa mkono, nakala juu ya nakala. Kila nakala ya kaseti kwa kaseti huongeza mvumo (ile "shhh" ya utepe), na kila mashine huongeza kosa lake la mwendo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya rekodi yoyote ni: hii ni kaseti iliyonasa hewani, au ni mjukuu wake?

Kwa nini hapa na si kwingine

Mixcloud ina mpangilio wa haki za wasanii na ni pazuri kwa kusikiliza tu, lakini haikuruhusu kupakua, na huwezi kurekebisha usichokuwa nacho. YouTube ina rekodi nyingi, ila mfumo wake wa kutambua nyimbo huzuia au kunyamazisha vipande, na kila kinachopakiwa kinabanwa upya. Hapo ndipo Internet Archive inapojitenga. Mtu akipakia FLAC (faili la sauti lililopunguzwa ukubwa bila kupoteza chochote), FLAC inabaki ilivyo. Mfumo unatengeneza MP3 pembeni kwa ajili ya kichezeshi cha kwenye ukurasa, lakini la asili haliguswi. Tatizo ni kwamba wasikilizaji wengi hubonyeza kitufe cha kucheza, wakasikia MP3, na kuondoka wakidhani hiyo ndiyo sauti ya kaseti.

Fungua orodha ya mafaili yote ya rekodi husika. Ndani yake kuna faili dogo linaloishia na "_files.xml", na humo kila faili limeandikwa kama ni "original" au "derivative", pamoja na urefu wake na alama yake ya md5 (namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo). Pakua lililoandikwa "original". Ikiwa la asili lenyewe ni MP3, basi hapo ndipo mwisho wa safari. Hakuna bora zaidi yake kwenye ukurasa huo. Kwa wanaopakua mkusanyo mzima, kuna programu ya mstari wa amri iitwayo ia: andika ia download, jina la utambulisho wa rekodi, kisha --glob="*.flac", nayo italeta FLAC peke yake.

Kutafuta

Huu ndio upande dhaifu. Maelezo yote ya rekodi huandikwa na aliyepakia, na wengi huandika wanavyojisikia. Mmoja ataita kipindi kwa jina lake, mwingine kwa herufi za kituo, wa tatu ataandika neno "radio" na namba ya kaseti akaishia hapo. Kichujio cha mwaka pembeni ya ukurasa hutegemea sehemu ya tarehe, ambayo mara nyingi iko tupu, au imejazwa mwaka wa kupakia badala ya mwaka wa kipindi. Ukichuja kwa 1993 peke yake utakosa rekodi nyingi za 1993.

Anza na herufi za kituo, siyo jina la msanii. Mfano: mediatype:audio AND WKCR. Kisha rudia kwa masafa, "89.9", kwa sababu wengi waliandika namba ya kwenye redio yao na si herufi. Kisha jina la kipindi kwa tahajia mbili tatu, likiwa limeunganishwa na likiwa limetenganishwa. Ukipata rekodi moja nzuri, bonyeza jina la aliyeipakia uone vyote alivyoweka. Mwenye kaseti moja ya mwaka 1994 kwa kawaida ana sanduku zima. Hatua hiyo moja huzaa kuliko kutafuta kwa maneno mara ishirini.

Usisahau pia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti, iliyo chini ya paa hilohilo. Vituo vya vyuo viliwahi intaneti mapema sana (WXYC ya University of North Carolina kule Chapel Hill ilirusha matangazo yake mtandaoni Novemba 1994), na kurasa zao za mwishoni mwa miaka ya 1990 mara nyingi ziliweka ratiba, majina ya ma-DJ na orodha za nyimbo. Sauti zilizounganishwa kwenye kurasa hizo, mara nyingi za muundo wa zamani wa RealAudio, kwa kawaida hazikuhifadhiwa, lakini ratiba pekee inaweza kukuambia kipindi gani kilikuwa hewani Jumatano saa nne usiku.

Hifadhi za vyuo vyenyewe zinaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa vizuri. University of Massachusetts Boston inatunza kaseti za Lecco's Lemma, kipindi cha Magnus Johnstone kilichoanza WMBR, redio ya MIT, mwaka 1985 na baadaye kikahamia WZBC ya Boston College. Vijana wa eneo la Boston walimpelekea demo zao, naye akazipiga hewani. Pale kila kaseti ina maelezo yaliyoandikwa na watu wa maktaba, kwa utaratibu mmoja. Ukishaona hilo, fujo ya maelezo ya Internet Archive inauma zaidi.

Kagua kabla ya kupakua

Jambo ambalo wachache wanalijua: kwa mafaili mengi ya sauti, Internet Archive hutengeneza pia picha ya spektrogramu (mchoro wa masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda), na iko kwenye orodha ileile ya mafaili. Ifungue kwanza. Ni dakika moja ya kazi, nayo inaweza kukuokolea gigabaiti nzima.

FM hubeba sauti hadi karibu 15 kHz tu. Kwa hiyo muziki wenyewe ukiishia hapo, si kasoro. Unachotazama ni mvumo. Mvumo wa utepe hautoki redioni, unatoka kwenye utepe wenyewe, kwa hiyo unapaswa kuendelea kupanda juu ya 15 kHz huku ukififia polepole. Ukiona ukungu huo umekatwa kwa wembe karibu na 16 kHz, rekodi ilipita kwenye MP3 ya kilobiti 128 kabla ya kugeuzwa FLAC. Jina la faili linasema FLAC, sauti ni ya MP3. Ukiona dari kali kwenye 11 kHz, chanzo kilikuwa na sampuli 22,050 kwa sekunde. Huenda ni RealAudio ya zamani, au kompyuta iliyobana nafasi. Dari ya 5.5 kHz ni ya kusikiliza maneno tu. Na ukiona mashimo meusi yanayowaka na kuzimika kama madirisha usiku, aliyepakia alipitisha kisafisha mvumo kwa nguvu kupita kiasi: matoazi yatasikika kama yako chini ya maji, na hilo halina dawa. Mwandikie aliyepakia umuombe faili ghafi. Mara nyingi bado analo.

Mwendo: hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika

Utepe wa kaseti unatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio kaseti za nyumbani zilikosea kwa asilimia 1 au 2 bila mtu kujali, na mashine iliyotumika kugeuza kuwa dijitali miaka thelathini baadaye ina kosa lake pia. Makosa mawili yakielekea upande mmoja, unafika asilimia 3, ambayo ni nusu ya nusutoni ya muziki. Kwa hip-hop, sauti ya MC inakuwa nyembamba kidogo na wengi hawatambui. Kwa jungle, muziki wa kielektroniki wa kasi, mdundo wa mapigo 165 kwa dakika unakuwa 170, na mchanganyiko mzima unabadilika tabia.

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuchukua wimbo unaojulikana, kuulinganisha na toleo la dukani, na kusawazisha rekodi nzima kwa kipimo hicho. Usifanye hivyo. DJ mwenyewe alikuwa akibadilisha mwendo wa santuri. Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri iliyotawala studio na kumbi, huenda juu au chini kwa asilimia 8. Wimbo ulioupima huenda ulipigwa kwa asilimia 4 zaidi kwa makusudi ili uingiane na uliotangulia, na ukiurudisha kwenye mwendo wa dukani umeiharibu kazi ya DJ.

Kipimo cha kuaminika ni umeme. Umeme wa Marekani ni wa 60 Hz, na mngurumo wake huingia kwenye rekodi kupitia vifaa, pamoja na ndugu zake wa 120 na 180 Hz. Utafute hivi, kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Tafuta mahali ambapo hakuna muziki: mtangazaji amefungua maiki na anavuta pumzi, au anageuza karatasi. Unahitaji sekunde moja na nusu ya utulivu, si chini, kwa sababu kwenye uchambuzi wa spektramu utachagua ukubwa wa 65536, na kwa sampuli 44,100 hiyo ni sekunde 1.49. Soma kilele kilicho karibu na 180 Hz badala ya 60. Kosa la kusoma ni lilelile kwa Hz, lakini kwa asilimia linapungua mara tatu.

Tuseme kilele kiko 185.4 Hz. Gawa 180 kwa 185.4, unapata 0.971. Rekodi inakimbia kwa asilimia 3, na dawa ni kupunguza mwendo kwa asilimia 2.9, mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja, kwa kifaa cha kubadilisha kasi, siyo kile cha kubadilisha tempo peke yake. Upande uliokuwa na dakika 45 utakuwa dakika 46 na sekunde 21. Hilo lisikushtue: kaseti nyingi za C-90 zina utepe wa ziada wa dakika moja au zaidi.

Kuna mtego. Mashine iliyogeuza kaseti kuwa dijitali nayo ina mngurumo wake, na huo uko sawasawa kwenye 60, 120 na 180 kwa sababu haukupita kwenye utepe. (Ikiwa kazi ilifanyika kwenye nchi ya umeme wa 50 Hz, utakuwa kwenye 50, 100 na 150, na hapo ni rahisi kuutenga.) Ukiona vilele viwili jirani, kimoja 180 kamili na kingine 185.4, cha pili ndicho cha kaseti. Watu wengi husoma cha kwanza, wakafurahi kuwa mwendo uko sawa, na kuacha rekodi ikikimbia.

Pima sehemu tatu: dakika ya 2, ya 20 na ya 40. Redio kaseti iliyorekodi kwa betri zinazochoka ilikuwa ikipunguza mwendo kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo ikichezwa leo kwenye mashine imara, rekodi inaongeza kasi polepole kuelekea mwisho. Betri hazina mngurumo wa 60 Hz zenyewe, lakini wa studio mara nyingi husikika maiki ikiwa wazi, nao unafaa vilevile. Mabadiliko ya namna hii hurekebishwa kwa njia ya muda (Time Track) ya Audacity, ile yenye mstari unaouinamisha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Pembe ya kichwa na Dolby

Rekodi iliyofifia si lazima iwe ya kaseti mbovu. Kichwa cha kusomea kikiinama hata kidogo tofauti na kilichorekodi, sauti za juu zinapotea, na chaneli ya kushoto na ya kulia zinapishana kwa sampuli chache. Jipime: geuza faili kuwa mono. Matoazi yakizama ghafla au yakianza kuzungukazunguka kama upepo, pembe haikuwa sawa wakati wa kugeuza. Kwa faili lililokwisha kupakiwa, unaweza kusogeza chaneli moja hadi zikutane, na mono itapona. Lakini ukali uliokosekana kwenye kila chaneli haurudi. Ikiwa kipindi kilirekodiwa kwa mono tangu mwanzo, zisogeze kwanza, kisha ndipo uziunganishe, na mvumo utapungua. Zikigoma kukaa pamoja, chukua chaneli moja iliyo safi zaidi na uache nyingine.

Mwenye kaseti mkononi ana nafasi bora. Karibu na kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka alama ya mahali ilipo, sikiliza kwa mono, na uizungushe kwa bisibisi taratibu, robo mzunguko kwa kawaida inatosha, hadi matoazi yawe makali kabisa. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na kwa kila upande, kwa kuwa upande B hukaa tofauti. Kabla ya yote safisha kichwa na gurudumu la mpira. Ikiwa kile kipande cha sufi kinachousukuma utepe kwenye kichwa kimebanduka (gundi yake hukauka), hamishia utepe kwenye ganda lingine lenye skrubu. Bila sufi hiyo sauti huingia na kutoka.

Kuhusu Dolby B, mfumo wa kupunguza mvumo wa kaseti: kaseti iliyorekodiwa nayo ikichezwa bila, husikika kali na yenye mvumo; iliyorekodiwa bila, ikichezwa nayo, husikika imefunikwa blanketi. La pili ni baya zaidi, kwa sababu kilichobanwa hakirudishwi kwa kuongeza sauti za juu peke yake. Dolby hubadilika kulingana na nguvu ya sauti kila wakati. Aliyepakia asipoandika kama Dolby ilikuwa imewashwa, chukulia kwamba hajui. Aliye na shaka wakati wa kugeuza aizime. Mvumo unaweza kushughulikiwa baadaye.

Kuitambua rekodi isiyo na jina

Sheria ya mawasiliano ya Marekani inakitaka kituo kijitaje karibu na mwanzo wa kila saa: herufi zake, kisha mji wa leseni yake. Hii ni zawadi kwa msakaji. Kama rekodi ina zaidi ya dakika 60 mfululizo, tamko hilo linapaswa kuwemo. Herufi ya kwanza nayo inasema: W kwa kawaida ni mashariki ya mto Mississippi, K ni magharibi. Ukisikia mtangazaji anasema K-kitu, acha kutafuta New York.

Tarehe hupatikana kwenye matangazo ya shughuli. Mtu akisema "Ijumaa hii tarehe 14" na nyimbo zote zinanukia 1994, kalenda inakuachia miezi miwili tu: Januari na Oktoba. Tarehe ya kutoka kwa albamu ni kipimo dhaifu, kwani santuri za majaribio zilifika redio za vyuo wiki au miezi kabla ya duka. Orodha za kila wiki za jarida la CMJ la redio za vyuo, zilizokusanywa kutoka vituo vyenyewe, zinasaidia zaidi, na nakala zake nyingi zimewekwa kwenye tovuti ya World Radio History.

Vipindi vya kielektroniki ni vigumu zaidi kwa sababu DJ anaweza kwenda saa nzima bila kusema neno. Programu za kutambua nyimbo kwa simu hushindwa mwendo ukipotoka kwa asilimia kadhaa, na hapa kuna kosa la kaseti juu ya uamuzi wa DJ. Sahihisha mwendo wa kaseti kwanza kwa njia ya umeme, kisha jaribu tena kwa kuongeza na kupunguza asilimia 2, 4 na 6. Nyimbo zilizokuwa kimya zitaanza kujitaja.

Ukiwa na kaseti za kupakia

Geuza kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwa chanzo cha FM inatosha na kusaza. Dakika 45 za WAV ya namna hiyo ni karibu megabaiti 780, na FLAC huzipunguza kwa karibu nusu. Kilele kisizidi desibeli 6 chini ya dari, maana mtangazaji anayecheka karibu na maiki huruka juu ghafla. Usikate ukimya wa mwanzo, wala kile kishindo cha kitufe na mlio wa "wiiiu" wa mota ikishika mwendo: ndivyo vinavyothibitisha kwamba hii ni kaseti ya kwanza na si nakala, kwa sababu nakala hubeba vishindo viwili. Pakia faili ghafi, na kama umesafisha, weka lililosafishwa pembeni yake, siyo badala yake. Kila upande uwe faili lake.

Kisha jaza sehemu ya tarehe kwa tarehe ya kipindi. Kama unajua mwaka tu, andika mwaka tu. Kwenye maelezo andika herufi za kituo, masafa, mji, jina la kipindi, aina ya kaseti, mashine iliyotumika, Dolby ilikuwa imewashwa au la, na maneno yote yaliyo kwenye lebo jinsi yalivyoandikwa, hata yenye makosa. Piga picha lebo na uipakie pia. Mwandiko wa kalamu ya wino wa mwaka 1992 umesaidia kuunganisha kaseti mbili za kipindi kimoja zilizokaa kwa watu wawili.

Jambo la mwisho ni la usalama. Nyimbo zilizomo ndani zina wenyewe, na mwenye haki akilalamika ukurasa unaweza kuondolewa bila taarifa kwa wasikilizaji. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja, na tovuti ikawa haifunguki kwa siku kadhaa. Mafaili yalirudi. Lakini rekodi unayoipenda iwe kwenye diski yako, pamoja na lile faili la "_files.xml", ili ukiinakili kwenda diski nyingine miaka kumi ijayo uweze kulinganisha md5 na kujua kwamba hakuna sekunde iliyopotea njiani.